Uzi wa Kupimia Mikono

Fundi cherehani wa pale Katesh alinipima mkono wa kulia, akaandika. Akanipima wa kushoto, akasita, akarudi tena kwenye wa kulia. Halafu akaivuta futi yake kwa mikono miwili na kuitazama kama imemkosea.

"Mama, hebu legeza huo mkono," akasema.

"Nimelegeza, baba."

"Basi futi yangu imevutika."

Nikacheka mpaka wateja wengine wakageuka. Nilikuwa nimepeleka kitambaa cha gauni la siku ya kumuaga binti yangu, na sikutaka mchezo. Nikamwambia, "Futi yako ni nzima. Mikono yangu ndiyo haifanani. Pima kila mmoja peke yake, na ukinishonea mikono sawa nakurudishia nguo yako." Kijana wa watu akaandika, lakini niliona anajiuliza kama niliwahi kuugua. Sikuugua. Mimi si mtu wa kujisifu ovyo, ila kwa mkono huu wa kushoto nitajisifu, na anayekereka avumilie.

Nilizaliwa na mashoto. Kwetu ni upande wa Nangwa, chini ya mlima Hanang, ambako asubuhi za baridi unaona pumzi yako mwenyewe ikitoka mdomoni. Siku hizo bado tuliandika Mkoa wa Arusha kwenye bahasha. Malori ya watu binafsi yalikuwa yameanza kufika mpaka milangoni kutafuta mahindi na mbaazi, na kila mnada ulimwaga mitumba chini kwenye maturubai. Sweta langu la shule lilitoka kwenye mitumba hiyo. Lilikuwa la rangi ya bluu, na lilinibana mkono mmoja tu, wa kushoto.

Aliyeshughulika na mashoto yangu alikuwa Bibi, mama yake baba, aliyekaa ng'ambo ya korongo. Bibi alikuwa mwembamba, mrefu, na mkono wake wa kulia ulikuwa umejaa kama wa mwanamume, kwa jembe na kwa jiwe la kusagia. Akinikuta nimeshika tonge kwa kushoto, huo mkono wa kulia ulitua mgongoni kwangu kabla sijameza.

"Mkono wa chooni haugusi chakula cha watu," alisema. Halafu akamgeukia mama. "Samaki mkunje angali mbichi."

Samaki wenyewe Bibi alikuwa amewaonja labda mara mbili maishani, wa kutoka ziwa la Basotu, na alilalamika miiba. Lakini methali aliijua, na mimi nilikunjwa. Alichana upindo wa kanga yake kuukuu akanifunga mkono wa kushoto kiunoni kila wakati wa kula, mpaka nikazoea kula kwa kulia. Darasa la kwanza nikafundishwa kuandika kwa kulia kwa njia ile ile, isipokuwa huko haikutumika kanga, ilitumika rula. Kusalimia kwa kulia, kupokea kwa kulia, kuinua mkono darasani kwa kulia. Iliniuma sana, nisiseme uongo. Nilikuwa naona kama nimepewa mkono wa mtu mwingine niutumie, na wangu umefungiwa stoo.

Ila kulikuwa na mahali pamoja ambapo hakuna aliyetazama. Ng'ombe wetu walilala ndani, upande wa pili wa nyumba, na huko hata mchana mwanga ulikuwa wa kubahatisha. Baba alikuwa amenunua mtamba mnadani Basotu, mweusi mwenye paji jeupe, tukamwita Mnada. Alipozaa kwa mara ya kwanza, mama alikuwa mjamzito na tumbo halimruhusu kuchuchumaa. Nilikuwa na miaka tisa au kumi. Mama akanipa kibuyu akasema, "Paskalina, huyu umfundishe wewe."

Wakamuaji wetu wote walikaa upande wa kulia wa ng'ombe. Kibuyu kinashikwa kwa mkono wa kushoto, na wa kulia unakamua. Nilijaribu hivyo siku ya kwanza, yakatoka matone ya kuhesabika na ng'ombe akachoka na mimi. Siku ya pili nikatazama nyuma, nikaona hakuna mtu. Nikazunguka upande wa pili. Nikashika kibuyu kwa kulia, nikautoa mkono wangu stoo.

Jamani! Maziwa yalilia ndani ya kibuyu. Kile kibuyu kilikuwa kimesafishwa kwa kijinga cha moto, na maziwa ya moto yalipogonga mkaa ule harufu ikapanda, ya moshi na utamu pamoja. Mpaka leo nikiisikia mahali nasimama. Mnada akageuza kichwa akanitazama, akaendelea kutafuna. Mama alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu saa ngapi. Aligeuka akaenda kuchochea moto, na kuanzia siku hiyo ile ikawa siri yetu wawili.

Nikakamua asubuhi na jioni, miezi. Mkono mmoja tu, chuchu nne. Ndipo sweta likaanza kubana.

Kwanza nilidhani sweta limesinyaa. Halafu nikanyoosha mikono juani na kuitazama. Chini kidogo ya kiwiko, wa kushoto ulikuwa umevimba, mgumu, na nikifunga ngumi kitu kilitembea ndani ya ngozi kama panya kwenye gunia. Wa kulia ulikuwa laini. Nikachomoa uzi kwenye gunia la mahindi, nikauzungusha mkono wa kulia nikafunga fundo, kisha wa kushoto nikafunga fundo lingine. Mafundo hayakukutana. Kila Jumapili kabla ya kanisa nilipima, na nafasi ile ilizidi kupanuka, mpaka ikatosha kidole changu kidogo.

Sasa sikilizeni akili ya mtoto. Kwetu mbuzi akichinjwa nyama ni ile ile. Akiongezewa huyu, mwingine kapunjwa. Nikaamua kwamba mwili nao una nyama yake ya kugawa, na mkono wa kushoto unamwibia wa kulia. Ukimaliza mkono utaanza mguu, na siku moja nitalalia upande kama ile miti ya njiani iliyoinamishwa na upepo. Niliogopa kweli. Nikawa nabeba ndoo kwa kulia peke yake, nalalia kushoto ili kuukandamiza, na namwomba Mungu aukemee. Lakini kuacha kukamua kwa kushoto sikuweza. Ule ulikuwa wakati pekee wa siku nilipojisikia mtu mzima na si nusu.

Siku za mama zikakaribia. Wauguzi wakamtaka akae karibu na hospitali mpaka ajifungue, baba akamsindikiza akarudi, na Bibi akavuka korongo na mzigo wake kuja kututunza. Juu ya mzigo ule kilikuwa kibuyu chake cha kukamulia, alichopewa siku anaolewa, kimekuwa chekundu kwa uzee.

"Kukamua ni kazi ya mtu mzima," akatangaza. "Wewe utashika ndama."

Asubuhi ya kwanza Bibi akakaa kulia kwa Mnada, kama alivyokaa maisha yake yote. Mnada akacheza, akaruka, akakanyaga kamba. Hakutoa hata tone. Jioni vivyo hivyo. Siku ya pili Bibi akamfunga miguu ya nyuma na kumwimbia, na Bibi alikuwa na sauti nzuri, ila ng'ombe hakujali. Siku ya tatu akavunja kamba na teke lake likakipata kile kibuyu cha ndoa. Kikapasuka vipande viwili. Bibi aliviokota akavishika kifuani, hakulia, na mimi nilitamani ardhi inimeze.

Ng'ombe wengine wawili walikuwa wamekauka. Mnada ndiye aliyekuwa maziwa ya nyumba ile, na ndiye tuliyemtegemea kwa uji wa mama atakaporudi na mtoto. Baba alipata habari kwamba mama amejifungua salama, mtoto wa kiume, na watarudi baada ya wiki. Jioni hiyo akasema mezani, "Ng'ombe mkali halei mzazi. Siku ya mnada ujao nampeleka. Nitatafuta mpole."

Nilijua jambo ambalo wao hawakulijua: Mnada alikamuliwa upande mwingine, kwa mkono mwingine. Lakini ningesemaje? Kusema ilikuwa kumwambia Bibi kwamba miezi yote hiyo nyumba nzima imekunywa maziwa ya mkono wa chooni. Na tena, kwa akili yangu ile ile, nilipata hofu nyingine mbaya zaidi. Nilidhani nimemwambukiza. Nilidhani ng'ombe wa watu amekuwa mashoto kwa sababu yangu, na kwamba naye ataanza kuinama upande mmoja.

Sasa kama ameambukizwa, si itaonekana? Kesho yake asubuhi nikachukua uzi wangu, nikaenda kumpima.

Nilizunguka upande wetu, wa kushoto. Nikapitisha uzi kwenye paja lake la nyuma, nikajaribu kufunga fundo, uzi haukutosha, nikamkumbatia mguu ili nione unaishia wapi. Mnada alisimama kama ukuta. Aliniramba tu sweta. Hapo ndipo niliposikia kikohozi. Baba alikuwa mlangoni, na nyuma yake Bibi ameshika sufuria, maana kibuyu chake hakipo tena.

"Paskalina," baba akasema taratibu, kwa woga wa kumshtua ng'ombe, "unafanya nini mguuni kwa huyo mnyama?"

"Nampima, baba."

"Unampima nini?"

"Kama amekuwa mashoto."

Nikaangua kilio. Na kilio kilipokuja kilikuja na yote: upande, mkono, kibuyu, sweta, mafundo, nyama inayoibwa. Sikumtaja mama. Baba aliketi juu ya gogo, akafunika uso kwa kofia yake, na mabega yakawa yanatikisika. Nilidhani analia. Nilikuja kujua ukubwani kwamba alikuwa anakufa kwa kicheko.

Bibi hakucheka. Alinitazama muda mrefu.

"Maziwa yote yale?" akauliza.

"Yote, Bibi."

"Niliyokuwa naletewa ng'ambo?"

"Na hayo, Bibi."

"Na yale aliyokunywa mchungaji alipokuja kubariki nyumba?"

"Alirudia kikombe, Bibi."

Bibi akaweka sufuria chini, akaingia upande wa jikoni. Nikajua amefuata fimbo. Nilijiandaa, nikauma meno, nikaushika mguu wa Mnada. Bibi akarudi na beseni. Lilikuwa na maji ya moto, na kwenye kiganja alikuwa na kipande cha sabuni ya mche.

"Lete mkono."

Nikatoa wa kulia, kwa mazoea.

"Si huo."

Akaushika wa kushoto. Aliuosha kidole kwa kidole, chini ya kucha, kiganja, akapanda mpaka kwenye kiwiko, bila haraka. Alipofika pale panapovimba akasimama, akapabonyeza kwa dole gumba lake kubwa, akapabonyeza tena. "Huu umefanya kazi," akasema, si kwangu, alijisemea tu. Akaukausha kwa kanga aliyokuwa amejitanda. "Haya. Kamua nikuone."

Nilikamua mbele yao wawili, machozi bado mashavuni. Sufuria ikalia, kisha sauti ikazama povu lilipopanda, na sikuacha mpaka povu likafika ukingoni. Sijawahi, hata siku ya harusi yangu, kujisikia mkubwa kama asubuhi ile. Baba akasimama, akavaa kofia vizuri, akasema, "Mama, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ng'ombe haendi mnadani."

"Nani alisema anakwenda?" Bibi akajibu, na akabeba sufuria.

Msidhani alibadilika hapo hapo. Kula kuliendelea kuwa kwa kulia, na nikisahau mgongo ulinikumbusha. Lakini kila asubuhi na kila jioni, mpaka mama aliporudi na mdogo wangu, Bibi alichemsha maji akaniosha ule mkono yeye mwenyewe. Sheria yake hakuivunja, aliipitisha kwenye sabuni. Mama akanywa uji wa maziwa mpaka akanawiri. Na alipoliona sweta, alifumua mkono wa kushoto akatia kipande cha nyuzi nyekundu kutoka kwapani mpaka chini. Watoto wa shule walinitania sana kwa kiraka kile. Niliwaambia wajaribu kukamua kwanza, ndipo wacheke.

Habari ya nyama kuibwa ilikuja kukomeshwa na mwalimu wetu wa sayansi, mama mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga na aliyetetemeka kwa baridi mwaka mzima. Nilimwuliza mbele ya darasa kama mkono unaweza kumwibia mwenzake. Hakunicheka. Alikunja mikono ya nguo yake akatuonyesha wake wa kulia, wa ubaoni, ulivyozidi wa kushoto. "Msuli unakua kwa kazi," akasema. "Mwili haugawi minofu kama mko harusini. Nenda kamtazame seremala, nenda kamtazame fundi wa matofali. Hakuna aliyenyooka sawasawa pande zote mbili." Nikarudi nyumbani nikamtazama Bibi, mkono wa kulia wa jembe na wa kushoto wa kufuata nyuma, na nikaona kumbe sisi wawili tunafanana. Sisi ni wale wale, ila tumegeuziana pande.

Uzi sikuutupa. Bibi alinunua kibuyu kingine akaniomba ule uzi wa gunia, akakining'inizia ukutani kwake, mafundo yakiwa juu yake.

Miaka ikapita. Nikaolewa Balangdalalu, nikazaa, na mkoa wetu ukawa umeshaitwa Manyara, simu zikafika mpaka korongoni. Kwa simu hiyo mdogo wangu aliniita siku Bibi alipoanguka akisuka kikapu. Kiharusi. Upande wa kulia wote ukalala.

Nilimkuta ameketi kitandani amegeukia ukuta. Hiyo ilikuwa siku ya pili hajala. Walimlisha kwa kijiko akafunga mdomo. Kulishwa hataki, na kujilisha kwa kushoto hataki. Ule mkono wa kulia, mkono uliolima heka zote zile, ulikuwa umelala juu ya blanketi kama wa mtu mwingine. Niliumia, na nilikasirika pia, kwa sababu nilimjua: mwanamke yule alikuwa tayari kufa njaa kwa ajili ya sheria yake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba," kwa taabu, mdomo umekwenda upande.

Sikubishana naye. Nikaenda jikoni nikachemsha maji. Nikarudi na beseni na sabuni ya mche, nikaketi kushoto kwake.

"Lete mkono," nikasema.

Akainua macho. Akanitazama vile vile alivyonitazama zizini, muda mrefu. Halafu jicho likamjaa maji, na kona moja ya mdomo, ile nzima, ikapanda. Akanipa wa kushoto. Nikauosha kidole kwa kidole, mpaka kwenye kiwiko. Ulikuwa mwembamba, mkono uliofuata nyuma miaka yote. Nikaukausha kwa kanga yangu, nikasogeza ugali na mlenda. Alimwaga nusu, akajipaka shavuni, akanikemea kwamba nacheka. Lakini alikula.

Nilikaa naye wiki tatu, na baadaye nikawa naenda kila mwisho wa mwezi. Alijifunza kushika kikombe, kuvuta blanketi, hata kukoroga uji kwa kushoto. Ule wa kulia ulizidi kupungua, hilo halikuzuilika. Siku moja akaonyesha ukutani kwa kidevu. "Uteremshe uzi wako," akasema. "Nipime." Nikapima mkono wa kushoto nikafunga fundo, na mwezi uliofuata nikapima tena. Fundo la kwanza lilikuwa limeachwa nyuma kwa upana wa punje ya mahindi. Bibi aliupapasa uzi kwa kidole gumba, akatafuta fundo la zamani, akatafuta jipya, akaguna. "Umefanya kazi," akasema.

Jumapili hiyo alikuja mzee wa kanisa kumwona, rika lake, mtu wa adabu za zamani, na wanawake wa jumuiya nyuma yake. Nyumba ilijaa. Mzee akanyoosha mkono wa kulia kusalimia, na Bibi akamnyooshea wa kushoto. Yule mzee akabaki mkono uko hewani. Kwetu salamu ya kushoto ni tusi, na hakuna pale ndani aliyejua aangalie wapi.

Bibi hakuushusha. Alinitazama kwanza, kisha akamgeukia.

"Shika tu, mzee," akasema. "Umeoshwa huu."